Nimemlipia mama ziara ya Oman, ameona ratiba sasa anasema haendi

Dada habari za kazi, jina langu naomba libaki kwako. Mimi nakaa Tanga, tumezaliwa watatu, kaka mkubwa yupo Dar, mi wa kati, na mdogo wetu wa kike yupo Dubai anafanya kazi. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama yupo, ana miaka 71, akili timamu kabisa na ulimi wake upo vilevile, ila magoti ndo yamemchosha, akikaa chini kunyanyuka mpaka ashike kitu.

Sasa babu yake mama, mzaa baba yake, alikuja na jahazi kutoka Oman akashukia Pangani akaoa hapo na hakurudi tena, kwao ni Ibra. Hilo jina sisi tumelisikia tangu wadogo, mama akianza hadithi zake lazima Ibra ipite, Ibra kuna mitende, Ibra kuna nyumba za ghorofa za udongo, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Mwaka jana aliumwa sana, alipopata nafuu tukakubaliana watoto wote tuchange apelekwe akaone. Mi ndo nikapewa kazi ya kutafuta, nikapata kampuni moja wana ziara ya siku 7, mnakuwa grupu la watu 12 na mwongozaji, hoteli humo, magari humo, kila kitu. Nikalipa advansi nusu kwa watu wawili, mimi na yeye, safari ni mwezi wa kwanza.

Ratiba ilivyokuja nikamsomea kwa furaha zangu. Siku ya kwanza Maskati, msikiti mkubwa, soko la Mutrah na ngome za Mreno. Siku ya pili ngome za Nakhal na Rustaq. Ya tatu Nizwa, Bahla na Jabrin zote siku moja. Ya nne mlima Jebel Akhdar mnalala huko huko. Ya tano jangwani, mnalala kambini. Ya sita Wadi Bani Khalid, Sur, na usiku kuangalia kasa Ras al Jinz. Ya saba Wadi Shab, Qalhat na kurudi Maskati. Mama akasikiliza mpaka mwisho akauliza, na Ibra siku gani? Nikaangalia tena, Ibra hakuna. Yani dada niliishiwa maneno. Akasema basi nendeni nyinyi vijana, hizo ngazi zote mtanibeba mgongoni, mi sitaki kwenda kuwa mzigo wa watu. Tangu siku hiyo nikigusa hiyo habari anabadilisha mazungumzo.

Kaka naye kapata pa kusemea. Anasema ziara za makundi ni za wazungu, tuombe hela irudi, tukate tiketi tu twende kwa mama mdogo, maana mama ana binti wa mjomba wake yupo Maskati, wao walitoka Unguja miaka ile ya mapinduzi wakaja kuhamia Oman miaka ya sabini, Kiswahili nyumbani kwake ndo lugha. Huyo mama mdogo nae kasikia tumelipa hoteli katuma voisi ndefu, kaudhika, kwamba sisi tunakuja Maskati tunalala hoteli yeye yupo hai? Kampuni wanasema advansi hairudi. Mdogo wetu wa Dubai anasema twende hivyo hivyo, mama akichoka atakaa kwenye gari. Mi hapo roho iliniuma, mama aende Oman akakae kwenye gari?

Nifanye nini dada, nivunje safari, nimlazimishe, au nimsikilize kaka? Naomba unijibu kabla sijamalizia ile nusu iliyobaki.

Binti wa Tanga

JIBU

Mdogo wangu, pole. Usivunje safari, na hiyo nusu ya pili usiilipe bado, maana hela ambayo haijatoka ndo inayokupa sauti kwa hao watu wa kampuni.

Mama yako hajasema hataki kwenda. Ameuliza swali moja tu, Ibra siku gani, akajibiwa hakuna. Mtu aliyebeba jina la mji miaka 70 anaambiwa tutakupeleka nchi hiyo, utapanda minara, utaona kasa, ila kwenu hatupiti, wewe ulitegemea ashangilie? Magoti ni kweli yanamuuma lakini nakwambia angekuwa na uhakika wa Ibra magoti yasingekuwa ndo neno la kwanza. Kwa hiyo ratiba ianzie Ibra kisha hayo mengine yapangwe kuizunguka, na yasiyopangika yaachwe, Oman ina ngome mamia, hakuna anayezimaliza.

Na uzuri wenyewe Ibra haipo mbali na njia yenu. Barabara ya Maskati kwenda Sur inayopita bara inapita hapo hapo, na kutoka Ibra mpaka Bidiyah ambako magari yanaingilia jangwani ni chini ya saa moja. Kuiweka hakuhitaji siku ya ziada, kunahitaji mtu wa kampuni akubali kusimama, na ukimwomba asimame muombe asubuhi nzima, sio nusu saa ya kupiga picha. Kama inawezekana iwe Jumatano, maana Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano asubuhi, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake, vitambaa, udi, manukato, wanja. Mama atatembea humo bila haraka, atakaa, ataulizana bei na wenzie, na usishangae akajibiwa Kiswahili.

Halafu kuna mtaa wa zamani unaitwa Al Minzfah. Hapo ndo kuna hizo nyumba za ghorofa za udongo mama anazosimulia. Ni nyumba za matajiri wa biashara, na hela nyingi iliyozijenga ilitoka huku kwetu, Unguja na mrima, karafuu na pembe, watu walikuwa wanatuma nyumbani wanajenga. Nyingine zimebomoka zimebaki kuta na matao, nyingine zimekarabatiwa. Njia zake zina mawe mawe kwa hiyo mshike mkono, ila sio mlima. Mwambie sasa hivi kwamba nyingi ni magofu, asije akafika akiwa na picha ya nyumba zimejaa watu.

Kabla ya kuondoka kaa na mama na simu yako umrekodi. Akupe jina la babu yake kamili, fulani bin fulani bin fulani, mpaka anapofika, kabila lake, na kama anajua jina la mtaa au kijiji, maana watu wakisema Ibra mara nyingi wanamaanisha na vijiji vya pembeni. Hiyo rekodi mtumie mama mdogo Maskati. Hapo ndo pa kumtumia mama mdogo, yeye atajua wa kumpigia, kule watu wanajuana kwa kabila na nasaba na simu mbili tatu zinamaliza kazi. Na aseme wazi kwenye hizo simu kwamba huyu ni mama mtu mzima anakuja kusalimia na kuona kwao, basi. Nakwambia hivyo kwa sababu jamaa wa Afrika wakitokea ghafla kuna wenyeji wanaingiwa na hofu ya mambo ya mirathi, mashamba ya mitende na zamu za maji, na hofu hiyo inaweza kufunga mlango ambao ulikuwa utafunguliwa kwa furaha. Neno la salamu likitangulia mtapokelewa kwa kahawa, tende na haluwa mpaka muombe ruhusa kuondoka.

Na hapa namgeukia kaka yako, maana ana hoja ila ameishikia mwisho usio wenyewe. Kwenda kwa ndugu tu bila ziara mi siiungi mkono. Ndugu wa Maskati wana kazi zao, watoto wao shule, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, nani atachukua likizo wiki nzima awazungushe? Mtaishia kukaa sebuleni siku tano mnangoja mwenye gari atoke kazini, na mama akitaka kupumzika njiani ataona haya kumsimamisha mtu anayemfanyia hisani. Dereva mliyemlipa mama hatamwonea haya, atamwambia baba hapa simama, na dereva atasimama. Ila kaka yako awepo kwenye safari, hilo lipambanie. Ibra mkikaribishwa, wanaume wataelekezwa sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa ambako wazee wanakaa na habari za nasaba zinatoka humo, nyinyi wanawake mtapelekwa kwa wanawake wa nyumba. Bila mwanaume wenu nusu ya mazungumzo mtasimuliwa baadae. Akilipa nafasi yake mtakuwa watatu, na watatu ni hesabu nzuri ya kuiambia kampuni hivi: sisi tunataka gari letu peke yetu, Landcruiser moja na dereva mwongozaji, tutoeni kwenye grupu la watu 12, advansi yetu ihamie huko na tofauti tutaongeza. Kampuni nyingi zikigoma kurudisha hela hazigomi kuihamisha, kwao biashara imebaki. Na uliza kama wana mwongozaji anayejua Kiswahili, kwa Oman hilo sio ombi la ajabu hata kidogo, wapo waliozaliwa Unguja, wapo waliolelewa na bibi aliyezaliwa Unguja. Ukimpata huyo mama atafaidi kila jiwe.

Huyo mama mdogo aliyeudhika ana haki yake, kwa mila zetu na za kwao, kulala hoteli mji wenye ndugu ni kumvunjia heshima. Lakini ziara yenyewe Maskati inalala usiku mchache tu. Fika siku mbili kabla ulale kwake, na usiku wa mwisho rudi kwake, hoteli za Maskati zitoe kwenye pakeji bei ishuke. Mpigie mwenyewe, usimtumie meseji, mwambie mama mdogo tunafikia kwako, tukitoka huko bara tunarudi kwako. Mpelekee kanga na ubuyu.

Sasa ngome, maana najua na wewe ulitaka kuziona. Maskati hazina shida, Jalali na Mirani alizojenga Mreno unaziangalia kwa nje ukiwa umesimama chini. Msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos ni tambarare, marumaru mwanzo mwisho, ila nikupe kitu ambacho ratiba haisemi: lile zulia maarufu, mita 70 kwa 60 na uzito wa tani 21, lipo ukumbi mkuu ambao wakati wa swala ni wa wanaume. Wanawake wana ukumbi wao wa kuswalia. Kwa hiyo kama mama anataka kuliona muende saa za wageni asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, sio Ijumaa, kisha mbaki aswali adhuhuri upande wa wanawake.

Nizwa, Bahla na Jabrin kwa siku moja hapana. Hata kijana wa miaka 25 akitoka hapo hajui alichoona wapi. Bahla ndo iliyoingizwa kwanza kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, mwaka 1987, ni kubwa inatisha lakini ukiiona kutoka barabarani imekaa juu ya kilima inatosha, ndani ni kupanda na kushuka. Chagueni Nizwa na Jabrin, na msimulieni mama kabla kwa sababu hizi mbili sio habari za watu wa mbali. Nizwa ile ngome ya mviringo aliijenga Imamu, yaani mtawala wa Oman wakati huo, Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, ndo huyo aliyemtoa Mreno Maskati mwaka 1650, ujenzi inasemwa ulichukua miaka 12. Mwanae Bil'arab akajenga Jabrin, akaipamba dari kwa michoro ya maua na maandishi, akaweka madarasa ya elimu humo humo. Ndugu yake Saif akagombana nae juu ya uimamu akaja kumzingira kwenye nyumba hiyo hiyo, Bil'arab akafia humo na kaburi lake lipo hapo chini ya ngome mpaka leo. Na huyo Saif bin Sultan aliyeshinda ndo majeshi yake yaliizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698. Mama yako mtu wa Tanga Fort Jesus anaijua, sasa atakuwa anakaa uani kwenye nyumba ambayo ugomvi wake wa ndugu ulikuja kufika mpaka pwani yetu.

Pale Jabrin kuna chumba mi nampenda kila mtu akione, ghala la tende. Sakafu imechongwa mifereji myembamba sambamba, magunia ya tende yanapangwa juu yake moja juu ya jingine, uzito unazikamua zenyewe, asali ya tende inatiririka kwenye mfereji mpaka kwenye mtungi. Sehemu ikiliwa, sehemu ikichemshwa, maana adui akifika mlangoni anamwagiwa kutoka tundu la juu ikiwa ya moto. Ghala hilo halidai kupanda mpaka juu. Ghorofa za juu nenda wewe na kaka, mama abaki uani kivulini, mpigie picha za dari umletee aone hapo hapo mkiwa mmekaa nae.

Nizwa ule mnara wenyewe asiujaribu. Ngazi ni nyembamba zimejikunja, kila kona kuna mlango na shimo la mtego, zilijengwa makusudi ili mtu mwenye nguvu na upanga ashindwe kupanda. Lakini upande wa chini wa ngome ni vyumba na ua, mara nyingi kuna akina mama wanaochoma mikate myembamba, mama atakaa nao. Mkiweza kuamkia Nizwa siku ya Ijumaa kuna mnada wa mbuzi asubuhi mapema, wenye mifugo wanazunguka duara wakivuta mbuzi wao na wanunuzi wamekaa pembeni wanakagua meno na viwele, mwambie dereva awahi mapema apate pa kukaa. Jioni mpelekeni Falaj Daris, huo mfereji mkubwa wa maji uko kwenye ile mitano ya Oman iliyoingia UNESCO mwaka 2006. Pana bustani, pana kivuli, watu wanakaa ukingoni wanatumbukiza miguu. Hiyo ndo shamba analotaka mama, mitende na maji yanayopita.

Jebel Akhdar mi ningeitoa. Mwezi wa kwanza kule juu karibu mita 2,000 usiku baridi inakaribia sifuri, magoti yatalia, na waridi linalosifiwa linachanua mwezi wa nne, mtakuta vijiti. Marashi ya waridi mtayanunua soko la Nizwa. Wadi Shab toa bila kufikiri, ni boti kisha kutembea juu ya mawe. Kasa usiku mchangani toa. Nakhal na Rustaq nazo zitoeni, siku hiyo muongezee Ibra na mapumziko. Wadi Bani Khalid baki nayo, mabwawa ya mwanzo yanafikika. Jangwani usiku mmoja ni sawa, ila andikeni kabisa kwa kampuni kwamba hakuna kurukishwa kwenye vichuguu vya mchanga, gari liende taratibu, na wawe na kijiti cha kupandia maana Landcruiser ni refu kwa mtu wa magoti. Qalhat mpite ni njiani mkirudi kwa njia ya pwani, mji ule Ibn Battuta aliufikia miaka hiyo hiyo aliyofika Mombasa na Kilwa, limebaki kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake kilimani, mnaliona na bahari nyuma yake.

Kuhusu kauli ya mdogo wenu kwamba mama akichoka atakaa kwenye gari, mpigie umwambie hiyo asiirudie mbele ya mama. Ndo neno alilokuwa analiogopa.

Sasa usiende kwa mama na maelezo ya ngazi, ukimwanza na ngazi atakujibu kwa ngazi. Nenda na karatasi na kalamu, mwambie mama nitajie babu alikuwa nani bin nani, tunaandika kwa ajili ya watu wa Ibra. Akimaliza kutaja mwambie tumeomba Jumatano, kisha nyamaza, muache aulize yeye. Viza angalieni kwenye tovuti ya polisi ya Oman wenyewe, kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege ombeni mnapokata tiketi, sio mkishafika pale.

Mama mpe shikamoo yangu. Kampuni wakikujibu kuhusu gari na siku ya Ibra niandikie, wakigoma kabisa kubadilisha ratiba basi mtafanya Ibra kutokea kwa mama mdogo kabla ziara haijaanza, kutoka Maskati ni kama saa mbili kwa gari na barabara ni nzuri, na hizo siku za grupu mtachagua za kwenda na za kubaki.